Dunia ya pamoja darasani kwa Luanti: mwongozo kamili, bila intaneti

Walimu wanaoniuliza kuhusu dunia za pamoja, yaani dunia za bloku ndani ya kompyuta ambazo wanafunzi huingia na kujenga pamoja, wanaleta karibu hadithi moja. Seva imewaka, wanafunzi wameingia, robo saa ya kwanza ni vicheko. Halafu mmoja anachimba shimo lisilo na mwisho, wa pili anabomoa ukuta wa mwenzake, wa tatu kapotelea porini na anaita kwa sauti. Mwalimu anakimbia mashine hadi mashine mpaka kengele inalia. Hitimisho lao: programu hii ni ya michezo tu.

Mara nyingi programu haina kosa. Dunia ilifunguliwa kubwa mno, kila mtu akapewa kila kitu, na hakuna mwanafunzi aliyekuwa na sababu ya kumhitaji mwenzake. Dunia ya pamoja hufundisha pale inapobana. Hatua zilizo hapa chini karibu zote ni za kuibana.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mji wa Kilwa Kisiwani katika karne ya 14, kwa somo la historia. Ukifundisha jiografia au hesabu, badilisha swali na ardhi. Mengine yanabaki yalivyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta ya mwalimu, ikiwezekana laptop yenye betri inayoshika. Hii ndiyo seva. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, dunia haizimiki ghafla.
- Kompyuta 8 hadi 12 za wanafunzi. Za zamani zinafaa. Simu za Android nazo zinaingia, ila kujenga kwa vidole ni kazi ya kuchosha.
- Ruta moja. Haihitaji kifurushi wala intaneti. Usitegemee hotspot ya Windows: inapokea vifaa 8 tu.
- Luanti, programu ya bure iliyokuwa ikiitwa Minetest. Weka toleo lile lile kwenye mashine zote. Toleo la 0.4 la zamani haliwezi kuingia kwenye seva ya toleo la 5.
- Minetest Game. Siku hizi Luanti haiji nayo. Ipakue ukiwa na intaneti, kupitia ukurasa wa maudhui ndani ya Luanti yenyewe.
- Modi (viongezi vya mchezo) mbili: WorldEdit, ya kuchora ardhi kwa amri, na Areas, ya kugawa na kukinga maeneo. Zinapatikana hapo hapo. Zinawekwa kwenye mashine ya mwalimu peke yake. Wanafunzi hutumiwa wanachohitaji na seva wanapoingia.
- Karatasi za mraba na penseli, moja kwa kila kikundi.
- Flash ya kuhifadhia nakala.

Darasa la watu 45 halihitaji mashine 45. Wanafunzi wanne kwa mashine moja wanatosha, na kwa kazi hii ni afadhali kuliko mmoja mmoja: mmoja anashika kipanya, mmoja anasoma ramani, mmoja anaandika daftari, na wa nne ni mjumbe, ndiye pekee anayeruhusiwa kusimama na kwenda kuzungumza na kikundi kingine. Wazungushe kila baada ya dakika 15, la sivyo kipanya kitakuwa cha mtu mmoja muhula mzima.

## Hatua ya 1: Andika swali kwanza

"Jengeni mji wa Kilwa" si swali. Utapata majumba mazuri na hakuna historia.

Swali letu ni hili: *Kwa nini Kilwa ilitajirika, na utajiri huo ulionekanaje kwenye majengo yake?*

Lipime swali lako hivi: je, kikundi kimoja kinaweza kulijibu bila kuondoka kwenye mashine yake? Kama kinaweza, huna haja ya dunia ya pamoja, mpe kila mmoja kitabu. Swali la Kilwa linahitaji bandari, machimbo ya matumbawe, tanuri la chokaa na kasri, na hakuna kikundi kitakachokuwa na vyote.

Kisha andaa kadi za taarifa, kila kikundi na yake, zisizofanana. Kwa mfano:

- Kadi ya bandari: dhahabu ilitoka upande wa Sofala, kusini, ikapitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa.
- Kadi ya kasri: Husuni Kubwa ilijengwa wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Ina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea lenye pande nane.
- Kadi ya soko: mji ulikuwa na sarafu zake wenyewe, za shaba.
- Kadi ya msikiti: msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kusema kwa sentensi moja kila kikundi kitakwama wapi bila jirani yake.

## Hatua ya 2: Funga mtandao wa chumba kimoja

Washa ruta, unganisha laptop yako kwanza. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`, na uandike ubaoni anwani yako, mfano 192.168.1.10. Luanti inatumia mlango wa UDP namba 30000.

Hapa kuna mitego miwili inayowanasa walimu wengi kuliko mingine yote.

Wa kwanza ni faiawoli ya Windows, yaani kinga inayoamua nani aifikie kompyuta yako kupitia mtandao. Ukianzisha seva mara ya kwanza, dirisha hutokea kuuliza kama Luanti iruhusiwe kwenye mtandao. Mtu akibonyeza haraka haraka kukataa, seva itaonekana nzima kwako na haitafikika kwa mwingine yeyote.

Wa pili ni mtandao wa wageni kwenye ruta. Ruta nyingi huzuia vifaa vya mtandao huo visionane. Tumia mtandao mkuu, na kama mipangilio ya ruta ina sehemu ya kutenganisha vifaa, izime.

## Hatua ya 3: Mipangilio, kabla ya kuunda dunia

Funga Luanti kabisa. Ukihariri faili la mipangilio huku programu iko wazi, huenda ikayafuta mabadiliko yako inapojifunga. Fungua `minetest.conf` na uongeze mistari hii:

```
max_users = 20
default_privs = shout
disallow_empty_password = true
enable_pvp = false
enable_fire = false
time_speed = 0
mapgen_limit = 200
enable_rollback_recording = true
static_spawnpoint = 0,10,0
```

Michache inahitaji maelezo.

`max_users` bila kuguswa ni 15. Ukiwa na mashine 16, ya mwisho itakataliwa na utahangaika na waya usio na kosa.

`default_privs = shout` inamaanisha anayejisajili anaweza kutembea na kuandika ujumbe, lakini hawezi kuvunja wala kuweka bloku. Ruhusa ya kujenga utaitoa mwenyewe, kwa wakati wako.

`mapgen_limit` ndiyo inayozuia watu kupotea. Bila hiyo dunia ya Luanti inaenda takriban bloku 31,000 kila upande kutoka katikati, na kila bloku ni mita moja. Iandike kabla ya kuunda dunia, kwa sababu thamani hii huhifadhiwa ndani ya dunia yenyewe siku inapozaliwa.

`time_speed = 0` inasimamisha jua. Ukishaingia andika `/time 10:00`, na usiku hautakuja kukuvurugia kipindi.

Sasa fungua Luanti, unda dunia mpya, chagua aina ya ardhi `flat`. Ondoa alama ya hali ya ubunifu na ile ya madhara. Weka alama kwenye Host Server, andika jina na nenosiri lako, anzisha.

## Hatua ya 4: Chora ardhi

Bonyeza F5 uone mahali ulipo. Namba ya kwanza ni mashariki na magharibi, ya pili ni kimo, ya tatu ni kaskazini na kusini. Kwenye ardhi bapa uso kwa kawaida uko kimo cha 8. Hakikisha kwa macho yako.

Mji mkongwe wa Kilwa Kisiwani unatazama maji upande wa kaskazini, kwa hiyo bahari iwe huko. Jipe ruhusa kwa `/grantme all`, kisha:

```
//fixedpos set1 -60 3 40
//fixedpos set2 60 7 60
//set default:water_source
//fixedpos set1 -60 8 40
//fixedpos set2 60 8 60
//set air
```

WorldEdit ikikuuliza uthibitishe, andika `//y`. Utapata ukanda wa bahari wenye urefu wa mita 121 toka mashariki hadi magharibi, maji yakiwa chini kidogo ya ufuko.

Msikiti Mkuu uweke upande wa magharibi, karibu na maji. Husuni Kubwa iko mashariki mwa mji, juu ya genge, basi inyanyue ardhi ya kona hiyo kwa bloku sita au saba. Umbali wa kweli kati ya majengo haya tumeufupisha, na wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi. Ramani isiyotaja kipimo chake inadanganya.

Usijenge majengo! Najua mkono utawasha. Mwalimu akishajenga msikiti, wanafunzi wanakuwa watalii. Wewe weka ardhi, bahari, vibao na mipaka basi.

Kuhusu vibao: maandishi hayaonekani kwenye ubao wenyewe, yanatokea mtu anapoulenga. Sentensi mbili zinatosha.

## Hatua ya 5: Sajili akaunti, gawa mitaa

Zungukia kila mashine, ingia kwenye anwani uliyoandika ubaoni, na jisajili kwa jina la kikundi: `bandari`, `msikiti`, `soko`, `husuni`. Mashine zikiwa nyingi, ongeza namba: `bandari1`, `bandari2`. Kitufe cha kujisajili ni tofauti na cha kuingia. Anayebonyeza cha kuingia kwa jina jipya atakataliwa. Majina hayana nafasi katikati. Usitumie majina kamili ya watoto, na nenosiri libaki kwenye daftari lako.

Kusajili kunatangulia mipaka kwa sababu Areas haimpi eneo mtu asiyekuwepo kwenye seva.

Sasa kinga eneo lote la mji kwa jina lako:

```
/area_pos1 -60 -20 -60
/area_pos2 60 60 60
/protect Kilwa
```

Halafu kila mtaa ndani yake, kwa kutaja pembe zake mbili na kuandika:

```
/set_owner bandari1 MtaaWaBandari
```

Kama mtaa una mashine mbili, ongeza ya pili kwa `/add_owner`, ukitaja namba ya eneo, jina la akaunti na jina jipya la kipande hicho. Katikati acha uwanja wa soko, na baada ya kuukinga ufungue kwa wote kwa `/area_open` na namba ya eneo.

Kila mtaa usizidi bloku 25 kwa 25. Walimu hudhani ni udogo. Subiri waanze kujenga.

Umefaulu kama ukikaa kwenye mashine ya bandari huwezi kung'oa hata nyasi moja mtaa wa msikiti. Ili ujaribu hilo kihalali, mpe bandari ruhusa kwa `/grant bandari1 interact`, jaribu, kisha iondoe kwa `/revoke bandari1 interact`.

## Hatua ya 6: Masanduku, na kwa nini kila kitu kiwe adimu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua.

Hali ya ubunifu humpa kila mchezaji kila bloku, bila kikomo. Inafurahisha, na inaua biashara papo hapo: nani atasafiri hadi bandarini kutafuta dhahabu ambayo anayo mfukoni? Kwa swali linalohusu utajiri wa mji wa biashara, kumpa mtoto utajiri bure ni kufuta somo.

Gawa hivi:

- Msikiti: matumbawe, `default:coral_skeleton`.
- Soko: chokaa. Luanti haina chokaa, tumia sufu nyeupe, `wool:white`.
- Bandari: dhahabu ya Sofala, `default:goldblock`, na vioo, `default:glass`, vya kuwakilisha shanga na vyombo vya ng'ambo.
- Husuni: boriti za mikoko, magogo ya `default:tree`.

Toa kwa amri, mfano `/give msikiti1 default:coral_skeleton 99`, mara nne au tano. Kila kikundi kipate pia sururu na koleo.

Sanduku la ghala la kila mtaa liwe la kufuli, na liwekwe na kikundi chenyewe kikishapata ruhusa ya kujenga (Hatua ya 8), maana mwenye kuliweka ndiye mwenye kulifungua. Sanduku la kawaida hufunguliwa na yeyote, hata likiwa ndani ya eneo lililokingwa.

Sokoni, kinyume chake, weka masanduku ya kawaida kwa makusudi. Mali ikiachwa pale bila mapatano itachukuliwa. Walimu wenzangu hunilaumu kwa hili. Mimi naona dakika kumi za "nani kachukua chokaa yetu?" zinaeleza kwa nini mji wa biashara unahitaji sheria, vipimo na sarafu, kuliko ukurasa wowote wa maelezo.

Kila mapatano yaandikwe daftarini: tulitoa nini, tulipata nini, kwa nani. Daftari hilo ndilo utakalosahihisha.

## Hatua ya 7: Kipindi cha kwanza ni cha kutembea tu

Mara ya kwanza kuingia, kila mashine hupokea picha na sauti kutoka kwa seva. Zikiingia zote kwa pamoja, ruta ya bei nafuu inalegea na watoto wataanza kubonyeza ovyo. Ingiza mashine tatu tatu. Safari zinazofuata ni za haraka, kwa kuwa vitu vimeshahifadhiwa.

Wanafunzi hawana ruhusa ya kujenga bado. Wape kazi: tembeeni mtaa wenu, someni vibao, chora mpaka kwenye karatasi ya mraba, hesabu hatua hadi sokoni. Wakilalamika hawawezi kuruka angani, ni vizuri. Umbali unaoupitia kwa miguu unaukumbuka.

Kipindi kimefaulu ukiona michoro minne ya karatasi inayokubaliana mahali soko lilipo. Isipokubaliana, usifungue ujenzi.

## Hatua ya 8: Ujenzi, na sheria ya boriti

Baada ya kila kikundi kuonyesha mchoro wa jengo lake, toa ruhusa: `/grant msikiti1 interact`. Kikundi ambacho hakijachora kinasubiri.

Halafu andika ubaoni sheria moja, bila kuifafanua: *chumba chenye dari bapa kisizidi bloku 3 kwa upana wa ndani.*

Watagomba. Kikundi cha Husuni kitataka ukumbi wa sultani wenye upana wa mita 12. Waulize swali moja tu: boriti yenu ina urefu gani?

Nyumba za mawe za pwani zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti inayofaa haipiti sana mita 3. Upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Mwanafunzi aliyebanwa na sheria hii hufika mahali pa mafundi wa zamani. Ataweka safu ya nguzo katikati ili boriti zipokezane, au ataanza kupandisha matumbawe yakutane juu kama tao. Akifika hapo, mwonyeshe picha ya ndani ya Msikiti Mkuu, na nguzo zake, matao yake na makuba yake. Ukimwonyesha mapema ataiga tu.

Tahadhari: Luanti haitakusaidia kusimamia sheria hii. Mchanga na kokoto huanguka, lakini bloku nyingine nyingi huning'inia hewani bila chochote chini yake. Kwa hiyo ukaguzi ni wa watu. Dakika kumi za mwisho za kila kipindi, kila mtaa unakagua mtaa wa jirani kwa karatasi na penseli: upana wa vyumba, matumbawe yaliyoachwa bila chokaa, dari isiyo na boriti. Kosa linaandikwa, halibomolewi na mkaguzi.

Vipindi viwili au vitatu vya ujenzi vinatosha. Ukizidisha, wataanza kupamba.

## Hatua ya 9: Nakala ya akiba na usahihishaji

Kila baada ya kipindi, simamisha seva kwa `/shutdown`, kisha nakili folda nzima ya dunia kwenye flash na uipe tarehe. Usinakili seva ikiwa inaendelea; unaweza kupata faili nusu nusu.

Usisahihishe uzuri wa majengo. Kila kikundi kipige picha za skrini kwa F12, picha tatu tu, na kuandika chini ya kila moja: kitu hiki kilitoka wapi, tulikilipia nini, na kwa nini kimejengwa hivi. Linganisha na daftari la biashara. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwamba kuta zao zilibaki bila chokaa kwa sababu soko lilipandisha bei baada ya Husuni kununua yote, huyo amejibu swali, hata kama ukuta wake umepinda.

## Ikigoma

Mashine moja haiingii, nyingine zinaingia. Angalia toleo la Luanti, kisha jina la mtandao ililoungana nalo.

Hakuna mashine inayoingia. Faiawoli ya laptop yako. Ikiwa ni sawa, anwani imebadilika. Ruta ikizimwa na kuwashwa inaweza kugawa upya. Andika `ipconfig` tena.

Mchezo unakwamakwama kwenye mashine za zamani. Punguza umbali wa kuona hadi 60 kwenye mipangilio ya mashine hiyo. Mji wetu ni mdogo, hawatakosa kitu.

Mtu kavuruga uwanja wa soko. `/rollback husuni1 600` hurudisha alichofanya ndani ya dakika 10 zilizopita. Piga picha ya uharibifu kabla ya kurudisha, mwite mjumbe wa kikundi hicho, na wao wenyewe waamue fidia ya soko italipwa kwa boriti ngapi.